Misheni ipi hasa? Injili na daawa ndani ya mtaa mmoja Mombasa

Asubuhi feri ya Likoni ikishajaa, kabla hata haijang'oa, kuna kijana hutoa Biblia kwapani akaanza. Hana maiki. Shati limepigwa pasi, jasho lishaanza shingoni, na anajua ana dakika chache tu kabla tufike ng'ambo kwa hivyo hapotezi wakati, ni dhambi, msalaba, okoka leo manake kesho si yako. Juzi nilikuwa nimebanwa kati ya mama wa buibui aliyebeba ndoo ya mahamri na mzee wa kanzu aliyekuwa anavuta tasbihi polepole, na mimi niliyebatizwa hata meno sijaota nikajikuta namwangalia yule mzee usoni kuliko ninavyomsikiliza mhubiri, nataka nione atafanyaje. Hakufanya kitu. Kijana akamaliza, akasema Mungu awabariki, mzee akaitikia "amin" kwa sauti ya chini, feri ikagusa, kila mtu mbio kwa matatu.

Jioni nikaisimulia barazani na hapo ndo moto ukawaka. Mmoja akasema huyo kijana anakosea watu adabu, mtu anaenda zake kazini we unamwambia ataungua. Mwengine akamjibu mbona spika za alfajiri zenu hatusemi kitu. Wa tatu, ambaye siku zote hupenda kuanzia mbali, akasema hao misheni ndo walivyo tangu enzi za Mzungu. Nikanyamaza nikasikiliza, na nikaona hawa watu watatu wanagombana kwa neno moja lakini kila mmoja ana jambo lake kichwani, ndo maana hawamalizi. Kwa hivyo hebu tulifungue hili neno.

Misheni Mombasa si neno la kitabuni. Kwanza kabisa achana na ile misheni ya vijana, ile ya "niko kwa misheni flani nitakupigia." Kwa wazee misheni ni mahali na ni watu. Wamisheni walikuwa watu wa makazi ya Frere Town na Rabai, uzao wa watumwa waliokombolewa, na nyanya yangu mpaka anazeeka alikuwa akiulizwa kabila lake Rabai anajibu "mimi Mmisheni" na maneno yamekwisha. Pili misheni ni huduma, yaani skuli, zahanati, hosteli. Tatu ni mwito, mtu kumwambia mwenzake anachoamini na kumkaribisha. Nne ni kule kutafuta watu wabadili dini kwa njia yoyote ile ilimradi hesabu ipande. Ukisema "misheni ikomeshwe" au "misheni ni haki yetu" bila kusema ni ipi kati ya hizo, hapo ushaanza vita ambavyo hata we hujui unapigania nini.

Na lazima niseme mapema jambo ambalo naona wengi hulikwepa: Ukristo na Uislamu zote ni dini za mwito. Mkristo ana ile Mathayo 28, enendeni mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Muislamu ana Sura An-Nahl aya ya 125, waite watu kwenye njia ya Mola wako kwa hekima na mawaidha mema. Mhindu wa pale hekaluni hajawahi kukugongea mlango akakuomba uwe Mhindu, lakini sisi wawili hawa tumeagizwa tuite. Ndo maana kumwambia Mkristo "we amini ila usiseme" ni sawa na kumwambia Muislamu aache daawa, yaani kuwaita watu kwenye Uislamu. Hawezi, na akiweza basi dini yake ameipunguza. Swali la Mombasa halijawahi kuwa kama watu waitane. Swali ni unaita vipi, na umeshika nini mkononi unapoita.

Sikiliza tu lugha yenyewe. Mtu akiingia Uislamu tunasema amesilimu, akitoka watu wake wanasema ameritadi. Akiingia Ukristo kanisani wanasema ameokoka, akitoka amerudi nyuma au amepotea. Mtu huyohuyo, safari hiyohiyo, lakini kila upande una neno tamu la anayeingia na neno chungu la anayetoka. Hakuna neno la kawaida tu la katikati ambalo mimi na jirani yangu tungelitumia wote bila mmoja kuumia, labda "kubadili dini", na hata hilo ukilitamka kwa sauti barazani watu hugeuka kukuangalia.

Sasa mkononi. Mara ya kwanza Ukristo kufika hapa ulikuja na mzinga. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, na hilo jina fikiria tu, ngome ya vita unaiita Yesu halafu unashangaa watu wa mji wanamwonaje huyo Yesu. Yule Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme, babake aliuawa, yeye akachukuliwa mdogo akapelekwa Goa, koloni la Wareno kule India, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, akarudishwa 1626 kuwa mfalme wa Mombasa Mkristo chini ya Mreno. Agosti 1631 akamuua kapteni wa ngome, akarudi kwenye Uislamu wake, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa. Kanisa huwakumbuka wale kama mashahidi, na ni kweli walikufa kwa imani yao. Lakini uliza pia yule mtoto wa Goa aliulizwa nini kabla ya maji kumwagwa kichwani. Mwarabu wa Oman alipoichukua ngome 1698 Ukristo wa Mreno ukaondoka na mzinga wake, karne moja ya kazi na hakubaki kitu cha maana.

Wa pili alikuja mikono mitupu, na hapa mimi huwa natulia kidogo manake hadithi yake ni nyororo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa shirika la kimisionari la CMS la Uingereza, alifika Mombasa 1844 akiwa na barua ya Seyyid Said wa Zanzibar, sultani Muislamu, ya kumpa ruhusa. Hata miezi mingi haikupita mkewe Rosine akafa Julai mwaka huohuo, na mtoto mchanga naye, wakazikwa huku bara upande wa Nyali. Mtu amefiwa hivyo na homa yenyewe inamtafuta, na bado anaketi na nani kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili? Na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin. Kadhi! Anajua huyu Mzungu amekuja kufanya nini, na bado anakaa naye neno kwa neno. Sidhani kadhi alikuwa na wasiwasi kwamba Adamu na Nuhu watamtoa kwenye dini, hao ni wake pia.

Na matokeo yake yako mdomoni mwetu mpaka leo. Pasta wangu akisimama Jumapili anasema imani, dhambi, toba, malaika, nabii, sadaka, roho, shetani, Injili, msalaba, hata lile neno kanisa, yote yamepitia Kiarabu. Mungu ndo la Kibantu, na hilo tunalitumia wote. Penye kutengana ni padogo ila panauma: sisi twasema Yesu wao wasema Nabii Isa, na tukisema Mwana wa Mungu jirani yangu anasikia kufuru hapohapo kabla hujaeleza. Mhubiri anayetoka bara kuja na krusedi, ule mkutano mkubwa wa Injili, uwanja wa Tononoka mara nyingi hajui kwamba sikio la Mombasa lina ufahamu wa haya mambo tayari. Anahubiri kana kwamba watu hawajawahi kusikia jina la Ibrahimu.

Krapf na mwenzake Rebmann aliyekuja 1846 wakahamia Rabai Mpya, na kwa hesabu za leo za makanisa hao walifeli vibaya. Wa kwanza kubatizwa kule alikuwa Mringe, mlemavu mgonjwa, akafa muda mfupi baadaye. Rebmann alikaa mpaka 1875 akiwa karibu kipofu na waumini wake ungewahesabu bila kuvua viatu. Leo pasta akifanya kazi miaka karibu 30 apate watu hao wachache wafadhili wangemwita mkutanoni.

Frere Town ndo iliyobadilisha kila kitu. 1873 Sultan Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, baada ya mjumbe wa Uingereza Bartle Frere kutumwa kumshinikiza, na CMS wakanunua ardhi Kisauni kuwaweka waliookolewa kwenye majahazi. Wakaja pia wale waliokuwa wamesomeshwa Nasik huko India, Waafrika wa Bombay wakiitwa, kina William Jones, mtu aliyekuwa mtumwa mtoto akawa mchungaji Rabai. Ile kengele mnayopita nayo kila siku pale Kengeleni mkiwa kwa matatu ya Bamburi ni yao, wazee wanasema ililia kuonya watu kukionekana jahazi la wateka watumwa.

Hapa ndo nataka msomaji asimame. Rabai kukajaa watoro, watu waliokimbia mashamba ya mabwana zao wa pwani, na mwishoni mwa 1888 mambo yalichacha mpaka kampuni ya Waingereza ya IBEA ikalipa fidia kwa mabwana ili watoro kama 1,400 hivi waachiwe. Kwa mtoro misheni ilikuwa uhuru. Kwa bwana wake, ambaye wakati huo sheria ya mji ilikuwa upande wake, misheni ilikuwa wizi wa mali. Na kwa Mmisheni mwenyewe ilikuwa uhuru wenye masharti, kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya shamba, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 mambo ya viboko Frere Town yakaiaibisha misheni mpaka Uingereza. Kwa hivyo yule wa barazani akisema "misheni ndo walivyo", nyanya yangu angemjibu vizuri tu, na wote wawili wangekuwa na kumbukumbu ya kweli.

Skuli ikaja kuongeza utamu na uchungu. Elimu ya kizungu kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa misheni, na kuingia darasani ilimaanisha Biblia asubuhi na jina jipya, Hamisi anaingia anatoka James. Wazazi wengi wa Kiislamu wakafunga milango, na gharama yake wakaiona baadaye kwenye kazi za serikali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona mapema, gazeti lake la Al-Islah la 1932 hapa Mombasa lilikuwa likiwaambia Waislamu wasome elimu ya kisasa lakini wasiuze dini yao kuipata. Mimi nikiisoma hoja yake sioni chuki ya Wakristo, naona mzazi anayelalamika kwa nini hesabu na kusoma viuzwe pamoja na ubatizo kama duka linalokulazimisha kununua sabuni ndo upate sukari. MIOME, chuo cha elimu ya Waislamu ambacho leo ni chuo kikuu cha TUM, kilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kutokana na kiu hiyohiyo.

Halafu mihadhara, ile midahalo ya hadharani ya Biblia na Qurani. Waliokuwa vijana miaka ya 80 na 90 wanaikumbuka, uwanja wa Makadara umejaa, mhadhiri wa Kiislamu ana Biblia ya Kiswahili imejaa alama za kalamu, anasema fungueni Yohana, fungueni Kumbukumbu la Torati, msaidizi anasoma kwa sauti, watu wanapiga takbiri. Ahmed Deedat wa Afrika Kusini alikuwa amewasha moto huo na wahadhiri wa Tanzania wakaufanya wa Kiswahili. Wakristo mwanzoni walikimbia, baadaye nao wakajifunza Qurani wakajibu. Nilipelekwa na binamu yangu mara moja nikiwa mdogo, niseme ukweli nilifurahi kama niko mpirani. Lakini ni mpira kweli, kila timu inarudi nyumbani na mashabiki wake walewale, na kilichobaki ni mitaani watu kujua aya za kumchoma mwenzao na kutojua zile za kujilaumu wenyewe.

Juu ya yote hayo weka hesabu ya nchi. Sensa ya 2019 Wakristo ni kama asilimia 85 ya Wakenya na Waislamu kama 11. Huyu Mkristo wa Mombasa anajiona mgeni mchache kwenye mji wa Waislamu, na Muislamu wa Mombasa anajiona mchache kwenye nchi ya Wakristo, wote wawili wanajilinda na wote wawili wanaogopwa. Ndo maana gari la krusedi likija na watu wa bara, jirani hasikii Injili peke yake, anasikia pia mambo ya ardhi, ya hatimiliki aliyonyimwa babake, ya kazi za bandarini. Mhubiri masikini ya Mungu hajui kama amebeba mizigo yote hiyo kwenye ile spika. Katiba ya 2010 yenyewe iko wazi, kifungu cha 8 hakuna dini ya taifa, cha 32 kila mtu ana haki ya kuamini na kufundisha na hakuna wa kulazimishwa, ila kifungu hakikufundishi uzime spika saa ngapi.

Makanisa yenyewe yamesema nini? Vyuoni wanapenda kugawa watu makundi matatu, wale wanaosema nje ya Kristo hakuna wokovu, wale wanaosema Kristo anaweza kumwokoa hata asiyemjua jina, na wale wanaosema dini zote ni njia za mlima mmoja. Sawa, lakini mtaani sijakutana na mtu anayekaa kundi moja wiki nzima. Mamangu Jumapili ni kundi la kwanza, Jumatatu jirani yake Muislamu akifiwa ni la pili kabisa. Kilichonisaidia mimi ni vitu vingine. Wakatoliki 1965 kwenye Mtaguso wa pili wa Vatikani walisema kanisa halikatai chochote kilicho kweli na kitakatifu kwenye dini nyingine, na mwaka huohuo wakasema imani haiwezi kulazimishwa. 1971 Mkenya mwenzetu, Mchungaji John Gatu wa kanisa la Presbyterian, PCEA, akawaambia wamisionari wa nje wasimame kwanza, watu na pesa zao, Waafrika wajipange wenyewe. Watu walikasirika! Lakini alikuwa ameona kwamba mkono unaotoa pesa ndo unaoamua Injili itaongea lugha gani.

Na 2011 likatokea jambo ambalo si la kawaida, Vatikani, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na muungano wa wainjilisti, watu ambao hata kukubaliana siku ya mkutano ni kazi, wakatoa waraka mmoja wa jinsi ya kushuhudia kwenye jamii ya dini nyingi. Kanuni 12, kazi ya miaka mitano. Hawakusema msihubiri, walianza kwa kusema kuhubiri ni asili ya kanisa. Wakasema usimvute mtu kwa pesa wala zawadi, usitumie shida ya mgonjwa, usiseme uongo juu ya dini ya mwenzako, na anayetaka kubadili dini apewe muda wa kutosha kufikiri. Ni ileile ya Petro, mjibu kila mtu "lakini kwa upole na kwa hofu", tofauti ni kwamba safari hii imeandikwa na watu wenye ofisi.

Hiyo ya zawadi mimi nimeiona kwa macho. Wakati wa korona kazi zimekufa, kikundi kimoja ambacho sitakitaja kilikuja mtaani kwetu na unga wa ugali kwa pikapu. Watu wakapanga foleni, Waislamu kwa Wakristo, njaa haina kanzu. Lakini kabla ya unga kulikuwa na mahubiri ya saa nzima juani, na mwisho waliotaka kuokoka wakaambiwa wainue mkono na waandikishe majina. Mama Mwanaisha wa nyumba ya pili aliinua mkono, akapata pakiti mbili, akarudi akawahi kuswali alasiri. Mahali flani kuna ripoti yenye jina lake kama nafsi iliyookolewa, na mfadhili amefurahi. Nilimuuliza akacheka, "mwanangu, walitaka mkono, nikawapa mkono." Na usidhani ni upande mmoja, kuna kijana namjua alilipiwa karo na tajiri mmoja wa mjini kwa sharti asilimu, akasilimu, akamaliza fomu foo, saizi haonekani msikitini wala kanisani.

Na kuna wa tatu ambaye tukigombana hatumkumbuki. Krapf alipohamia Rabai alikwenda kwa watu waliokuwa na dini yao, wana kaya yao, yaani msitu wao mtakatifu, koma zao za mababu, wazee wao. Sisi sote tuliwahesabu kama debe tupu la kujazwa, mbio ni nani atawahi. Leo misitu ya kaya imetambuliwa na UNESCO tangu 2008, lakini mzee wa kaya akiugua watoto wake waliookoka wanakemea, waliosilimu wanasoma ruqya, visomo vya Qurani vya kuponya, hakuna anayemuuliza yeye anataka nini. Mtu wa kaya hana spika.

Miaka ya 2012 mpaka 2014 ilikuwa mibaya hapa. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Kiislamu wa hapa Mombasa, alipouawa Agosti 2012 makanisa yakashambuliwa, Oktoba 2013 kanisa la Jeshi la Wokovu Majengo likachomwa, Februari 2014 polisi wakavamia msikiti wa Masjid Musa, Machi watu wakapigwa risasi wakiwa ibadani Likoni. Baraza la viongozi wa dini la CICC, maaskofu na maimamu na Wahindu na wazee wa kaya, lilikuwa likikutana, na nadhani kilichosaidia si matamko yao, ni kwamba tayari walikuwa na namba za simu za wenzao.

Nyanya alipofariki mazishi yalifanyika Rabai. Shangazi yangu aliyeolewa Mji wa Kale akasilimu zamani alikuja na wanawe wote, mabuibui manne kwenye msiba wa kanisa, na pasta saa kumi na mbili asubuhi hata chai hajanywa alikuwa anazunguka kutafuta Muislamu wa kuchinja ng'ombe ili wote tule sufuria moja. Akampata ami mmoja fundi baiskeli. Kisha pasta huyohuyo akapanda kuhubiri na hakupunguza hata kidogo, Yesu ni njia, kweli na uzima, ufufuo, kila kitu, shangazi ameinamisha kichwa, ami yuko nje chini ya mwembe anasikia yote. Pilau ilipotoka ami alikuwa ameshafunga kichwa na ngozi kwa gunia kama ujira wake, akamwambia pasta Mungu amrehemu bibi, ila mahubiri yako bwana marefu, nyama nusra ilale.